Fungua rejesta kwanza: majibu kwa wanaotafuta ruzuku ya utafiti wa awali

Mwezi huu barua nne zimegusa jambo moja, utafiti wa awali, ule mdogo unaotangulia utafiti mkubwa, nami nimeziweka pamoja. Kwa msomaji mgeni: mimi ni muuguzi mstaafu, nakaa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye tafiti za afya, kuanzia kuchukua ridhaa za washiriki hadi kuratibu miradi midogo. Barua ya kwanza imekula nafasi kubwa kwa sababu imenirudisha kwenye usiku ambao sijawahi kuuandika popote.

Kamwene mama, na shikamoo. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya huku Kilolo, mwaka wa sita kazini. Kila Juni na Julai tunapokea vichanga wa rufaa kutoka zahanati za milimani wakiwa wa baridi kama jiwe la mtoni, wengi wao njiti. Wanafika wamefungwa blanketi mbili na khanga, kabebwa na bibi, mama kakaa pembeni. Nimejiuliza kwa nini mtoto asisafiri kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kama tunavyofanya wodini. Nimeona tangazo la ruzuku ndogo ya utafiti wa awali. Sina shahada ya uzamili. Je, naweza kuomba? Na niandike nini ili nithibitishe kwamba njia hii inapunguza vifo?

Kamwene, mwanangu, marahaba. Hizo blanketi mbili na khanga nazijua.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya vichanga katika hospitali ambayo sitaitaja. Saa tisa usiku akaletwa mtoto wa kiume kutoka zahanati ya milimani, siku yake ya kwanza duniani, gramu 1,700. Nilimfungua mimi mwenyewe. Blanketi, kitenge, sweta la dada yake, khanga, halafu kipande kingine cha kitenge kilichogusa mwili. Blanketi la nje lilikuwa na joto la mikono ya bibi yake. Kile kipande cha ndani kilikuwa kimelowa. Hakuna aliyemkausha mtoto vizuri alipozaliwa. Juu ya ule unyevu wakaongeza nguo, na nguo zikautunza unyevu njia nzima. Nikaweka kipimajoto cha zebaki kwapani. Zebaki haikufika hata kwenye mstari wa 35, ambao kwenye kipimajoto kile ndio ulikuwa wa kwanza. Chini yake hapakuwa na namba ya kusoma, nami nikaandika 35. Mtoto alifariki kabla hapajapambazuka. Kwenye rejesta ya wodi ile ameandikwa nyuzi joto 35, joto ambalo hakuwa nalo.

Kichanga mwenye afya anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Mtoto wa 35 na mtoto wa 32 ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, na sisi tulikuwa tunawaandika namba moja, kila baridi, miaka nenda miaka rudi. Kama mtu angefanya utafiti mkubwa kwa rejesta zile angepata matokeo mazuri ya uongo. Utafiti wa awali upo kwa ajili hiyo: kugundua kwamba kipimajoto kinaanzia 35 kabla hujaandikisha watoto elfu mbili.

Sasa barua yako. Neno moja naomba ulifute: "nithibitishe". Ruzuku ya awali haitoshi kuthibitisha kwamba vifo vinapungua, na anayepitia maandiko ya kuombea fedha akiliona neno hilo atajua mwombaji hajapiga hesabu. Tuipige pamoja. Tuseme kati ya vichanga 100 wa namna hiyo 10 hufariki, nawe unatumaini njia yako iwashushe hadi 7.5. Ili tofauti hiyo ionekane, na isiwe bahati tu, unahitaji karibu watoto 2,000 katika kila kundi. Kituoni kwako watapatikana baada ya miaka mingapi?

Tena hiyo kazi ya kuthibitisha imeshafanywa kwa sehemu kubwa, na nchi yetu ilikuwamo. Kangaruu, yaani huko kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walikuwa 3,211, wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 kati ya 100. Wale ambao hali yao ilisubiriwa itulie kwanza, kama utaratibu wa zamani ulivyotaka, walifariki karibu 16 kati ya 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwacheleweshea wengine. Mwaka uliofuata WHO ikabadilisha mwongozo wake.

Jibu lipo, basi, lakini limebaki wodini. Halijapanda gari la rufaa kutoka zahanati ya mlimani. Watu wa utafiti wana hesabu wanayopenda kuirudia, kwamba ugunduzi wa tiba huchukua wastani wa miaka 17 kufika kwenye matumizi ya kila siku, na limeota tawi zima la utafiti kwa ajili ya pengo hilo: kuyatoa matokeo maabara na hospitali kubwa, kuyafikisha alipo mgonjwa. Wewe umesimama ndani ya pengo hilo kila Juni. Wengi wa Dar es Salaam na Ulaya wanaoandika maandiko marefu kuhusu pengo hilo hawajawahi kuliona.

Kwa hiyo usiulize kama kangaruu inaokoa. Uliza kama inawezekana njiani. Je, mkunga wa zahanati, mama, ndugu na dereva wanaweza kumfikisha kichanga akiwa kifuani tangu mlango wa zahanati hadi mlango wa kituo? Hapo kuna mambo mengi ambayo wodini hayapo, na mengine huwezi kuyajua ukiwa umekaa mezani. Mama amejifungua saa tatu zilizopita, anatoka damu, au amezimia: nani anambeba mtoto? Baba akiambiwa avue shati mbele ya mama mkwe wake atakubali? Kwenye bodaboda upepo wa mlimani unapenya hadi kwenye mbavu. Je, kifua kinatosha, au chombo hicho kiachwe kabisa na wasubiri gari? Mfumo wa m-mama, ule wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga kwa kupiga 115, unatumia magari ya wagonjwa na madereva wa jamii. Madereva hao wanajua kwamba kiti cha mbele kinatakiwa kulazwa kidogo ili mtoto asijikunje shingo? Kila swali hapo linahesabika, na majibu yake ndiyo yatakayomwezesha mwingine, au wewe mwenyewe, kuomba fedha kubwa.

Kabla ya kuandika sentensi moja ya andiko, fungua rejesta. Kaa nayo Jumamosi moja na daftari pembeni. Hesabu vichanga wote waliokuja kwa rufaa miezi 12 iliyopita, zahanati gani, mwezi gani, saa ngapi, uzito, joto kama liliandikwa. Tuseme umepata 72. Ni 6 kwa mwezi. Robo yao watakuwa wagonjwa kiasi cha kuhitaji matunzo mengine njiani, wanabaki 4 na nusu. Mama mmoja kila mwezi atakataa au hatakuwa na hali ya kuridhia. Una watatu na nusu. Kwa miezi minane, 28. Hiyo ndiyo namba yako, si 200 ambayo labda ulikuwa unaiota. Miradi mingi imenifia mikononi kwa sababu mtu aliandika namba ya kumfurahisha mtoa fedha. Mmoja tuliahidi washiriki 60 kwa miezi sita tukapata 19. Tulikuja kugundua siku yetu ya kuandikisha ilikuwa siku ya mnada, na akina mama wote wako mnadani. Tulihamisha siku wiki ya kumi na sita. Mkunga yeyote wa pale angetuambia wiki ya kwanza kama tungemuuliza.

Watoto 28 au 30 wanatosha? Kwa utafiti wa awali wanatosha, ukisema kweli kuhusu wanachoweza kukuambia. Wakifika 24 kati ya 30 wakiwa kifuani, ni asilimia 80. Lakini ukweli wa jumla unaweza kuwa popote kati ya asilimia 61 na 92. Andika hivyo hivyo, utaheshimika. Na andika mapema, kabla ya kuanza, ni matokeo gani yatakufanya uendelee. Wengi siku hizi wanatumia mfano wa taa za barabarani: wakifika kifuani 7 kati ya 10 au zaidi ni kijani, twende kwenye utafiti mkubwa, kati ya 4 na 7 ni njano, turekebishe kwanza, chini ya 4 ni nyekundu, tuache. Namba za mipaka chagua wewe na wakunga wako. Nyekundu nayo ni jibu halali, umelilipia kwa fedha kidogo badala ya nyingi. Usiogope kuliandika.

Kuhusu shahada. Ruzuku karibu zote hupewa taasisi, wewe ukiwa mtafiti mkuu ndani yake. Baadhi ya matangazo yanadai uzamili au uzamivu, mengine hayadai. Soma kipengele cha sifa kabla ya kitu kingine chochote. Jumuiya ya kifalme ya tiba za kitropiki ya Uingereza, RSTMH, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina ruzuku za watafiti wanaoanza za hadi pauni 5,000 kwa mradi wa mwaka mmoja, zaidi ya shilingi milioni 15. Kwa kazi kama yako fedha hiyo inatosha. Nyumbani, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, inasimamia mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE. Fuatilia matangazo yake. Tafuta pia mlezi wa kitaaluma. Kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimefanya tafiti za kimataifa za kifua kikuu na VVU kwa miaka mingi, na chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo hapa hapa Mbeya. Nenda na daftari lako la rejesta. Mtu mwenye hesabu za miezi 12 mkononi anasikilizwa. Mwombe mlezi asome, aongoze, amlete mtakwimu; lakini jina lako libaki la kwanza, kwa kuwa wewe ndiye uliyewapokea watoto hao.

Jambo la fedha ambalo hakuna kitabu kitakachokufundisha: nenda kwa mhasibu kabla hujaomba. Ruzuku yangu ya kwanza kuratibu ilikuwa ya miezi 12. Fedha zilifika kwenye akaunti ya taasisi mwezi wa pili, zikakaa miezi saba zikisubiri saini na namba ya kifungu. Wasaidizi wangu wawili walitembea kwa nauli zao. Tulibaki na miezi mitatu ya kazi, na ripoti tuliyoandika ilikuwa nyembamba hadi naona haya kuikumbuka. Muulize mhasibu fedha za nje zinaingia wapi, nani anasaini, manunuzi ya shilingi laki tano yanachukua siku ngapi. Muulize ana kwa ana, ikiwezekana na chai.

Kwenye bajeti weka yale yanayosahaulika: nauli ya mama kurudi nyumbani, vocha za simu za wakunga, ada ya kibali cha maadili, kuchapa fomu, na siku moja ya kurudi kwenye zahanati kuwaeleza mlichokiona. Weka vipimajoto vinavyosoma chini ya 35, kimoja kila zahanati na betri za akiba, maana vyote vikipimwa na kifaa cha aina moja, namba za kuondoka na za kufika zinalinganishika. Usiweke kompyuta mpya wala semina ya Dar.

Vibali: maadili ni kupitia NIMR, kwenye kamati ya kitaifa, NatHREC. Halafu barua kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya, na mazungumzo na waganga wafawidhi wa zahanati zenyewe. Ungekuwa unajaribu dawa au kifaa kipya ungehitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwako hapana, kifua cha mama hakisajiliwi. Sasa angalia kalenda. Baridi yako ni Juni na Julai. Kibali kinachukua miezi, na marekebisho ya kamati yanachukua mengine. Ukiwasilisha mwezi wa tatu utaanza mwezi wa nane, baridi imeondoka, umesubiri mwaka mzima. Hesabu kurudi nyuma kutoka Juni. Wasilisha mwezi wa kumi.

Nitumie hesabu za rejesta ukimaliza. Nazisubiri kwa dhati.

Shikamoo mama. Nasoma uzamili hapa Mbeya. Profesa wa chuo kimoja cha Marekani amepata ruzuku ya awali na ananiomba niwe mshirika wake: nikusanye sampuli za damu 80 na dodoso, nimtumie. Mimi nitatajwa kwenye shukrani. Nifurahi au niogope?

Marahaba, mwanangu. Ufurahi kidogo, uulize sana.

Kwanza ujue fedha hiyo inatoka wapi. Mwaka 2006 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilianzisha mpango uitwao CTSA wa kuviwezesha vyuo vikuu kuharakisha matokeo yafike kwa wagonjwa. Vyuo vilivyomo hutenga humo fungu la ruzuku ndogo za mwaka mmoja kwa watafiti wao, na lengo linasemwa wazi: mtafiti apate matokeo ya awali ya kuombea ruzuku kubwa. Maana yake sampuli zako 80 ndizo mtaji wa ombi lake lijalo. Kama ndivyo, mahali pako si kwenye shukrani. Omba kwa maandishi, sasa hivi kabla ya sampuli ya kwanza, uwe mwandishi mwenza, uwe na haki ya kutumia takwimu kwenye tasnifu yako, na jina lako au la msimamizi wako liwemo kwenye ombi kubwa litakapoandikwa. Profesa mwema hatachukia. Nimefanya kazi na Wamarekani na Wajerumani waliokuwa wakituletea rasimu wenyewe kabla hatujauliza.

Halafu sheria. Damu haitoki nchini kwa kuwekwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa uwanja wa ndege wa Songwe. Inahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli uliopitishwa kupitia NIMR, pamoja na maelezo ya kwa nini kipimo hicho hakiwezi kufanyika hapa. Swali hilo la mwisho liulize hata kama hakuna anayekulazimisha, maana maabara zetu za Mbeya zinafanya mengi ambayo wageni hawatarajii. Mgeni mwenyewe akija kufanya utafiti anahitaji kibali cha COSTECH. Na taarifa za watu ulizokusanya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Dodoso lenye majina halitumwi kwa WhatsApp.

Mwulize pia, bila haya, fedha ya kwenu inakujaje. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku zenye mafungu ya kupelekwa kwa taasisi za nje ya Marekani kupitia chuo cha kwao, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kama mpango wake ulitegemea kuipatia taasisi yenu fungu kwa njia hiyo, akuonyeshe njia anayotumia sasa. Usianze kukusanya kwa ahadi. Wauguzi watakaochoma sindano wanatakiwa kulipwa mwezi uleule.

Mimi ni muuguzi, Iringa mjini. Nimeomba ruzuku ndogo mara mbili kuhusu vijana wanaoacha dawa za VVU, nimekataliwa mara zote mbili. Mara ya pili waliandika "mradi ni mkubwa kuliko fedha na mwaka mmoja". Nakutumia muhtasari, nieleze kosa.

Nimeusoma mara tatu, mdogo wangu. Wazo ni zuri na moyo wako unaonekana. Makosa ni mawili.

Ukurasa na nusu wa kwanza unaeleza VVU duniani, kisha Afrika, kisha Kusini mwa Sahara. Msomaji anafika Iringa akiwa amechoka. Anza Iringa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Sentensi moja hiyo inatosha. Sentensi ya pili iwe kuhusu kliniki yako: vijana wangapi wameandikishwa, wangapi hawakuonekana miezi mitatu iliyopita. Gates Foundation walipoanzisha ruzuku zao za mawazo mapya mwaka 2008 walitaka kurasa mbili tu, kwa dola 100,000. Jizoeze na kurasa mbili hata kama tangazo linakuruhusu kumi.

La pili ni kwamba umeweka malengo sita, likiwemo la kushusha wingi wa virusi kwa kundi zima. Chagua moja. Umeandika, kwenye mstari ulio karibu na mwisho, kwamba vijana wa bweni wanaficha dawa kwenye kopo la maziwa na zinapata unyevu. Hilo ndilo andiko lako. Je, vijana wa bweni wakipewa mahali pa faragha pa kutunzia dawa, watapatumia? Mwaka mmoja unatosha, fedha inatosha. Na wapitiaji walichokuandikia kiweke kwenye barua ya kuombea tena, useme ulichobadilisha. Karibu kila ruzuku ndogo niliyoiona ikipatikana ilikuwa imekataliwa kwanza.

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, naandikiwa barua hii na mjukuu, Tukuyu. Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba, kliniki wamemwomba aingie kwenye "utafiti wa majaribio". Sisi tunaogopa. Wanafanyia majaribio mwili wake na mtoto? Damu wanayotoa inakwenda kuuzwa?

Shikamoo mama, na ndaga fijo kwa kuuliza. Swali lenu ni la haki, na lawama ya kwanza ni ya sisi tunaoandika fomu. Neno "majaribio" limewatisha wengi. Kwa wataalamu maana yake ni kwamba wanajaribu mpango wao kama unatekelezeka kabla ya kuufanya kwa watu wengi. Anayelisikia kliniki akiwa na mimba anasikia kitu kingine kabisa, kwamba yeye ndiye anayejaribiwa. Mimi nilikuwa naandika "utafiti wa awali", nikamweleza mama kwa mdomo ninachofanya, na naomba wanaosoma ukurasa huu wafanye hivyo.

Lakini jina halitoshi kuwatoa hofu, kwa sababu zipo tafiti za awali zinazohusu dawa mpya na zipo za kuuliza maswali tu. Mkwe wako aulize hii ni ipi. Kuna dawa atakayopewa ambayo wajawazito wengine hawapewi? Damu itatolewa kiasi gani, vijiko vingapi, mara ngapi, na itapimwa nini? Inabaki Tanzania au inasafiri? Ikiisha kupimwa inatupwa au inatunzwa? Haya yote yanatakiwa yawe yameandikwa kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa, na mtafiti anatakiwa amjibu bila kumharakisha. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye wa mradi, ndipo anaweka dole gumba. Damu ya utafiti ulioidhinishwa haiuzwi, na kwenye fomu kuna namba ya simu ya kamati ya maadili. Hiyo si ya watafiti, ni ya kuwalalamikia watafiti. Ipigeni hata kwa kuuliza tu kama utafiti huo wanaujua.

Akikataa, kliniki yake inaendelea kama kawaida, na vidonge vyake atapewa vilevile. Akikubali leo akabadili mawazo wiki ijayo, anaruhusiwa kutoka bila kutoa sababu. Mshaurini, mama, kwa kuwa mnampenda, lakini uamuzi uwe wake. Mwambieni asisaini siku hiyohiyo. Achukue fomu aje nayo nyumbani, mjukuu huyu anayeandika vizuri awasomee wote jioni, na akisaini, nakala yake ibaki kwenu, aiweke pamoja na kadi ya kliniki.